Gunzi Ndani ya Kengele

Nilijua kupiga kabla sijajua kusoma. Kwa mama yetu tulibaki hai wawili tu, ndugu yangu mkubwa na mimi, na baba alitulea vile alivyolea fahali wake wa kupigana: tule tushibe, tusiogope kelele, na tukishikana asituingilie mtu. Mama alizoea kusema fahali wawili hawakai zizi moja, halafu ananikazia macho mimi msichana, utafikiri pembe zote zilikuwa zangu. Uongo mtupu. Nikiwa darasa la pili ndugu yangu alinipasua mdomo kwa mwiko wa ugali kwa sababu nilikula nyama yake. Nikatoka nje, nikaokota jiwe, nikarudi, nikamng'oa jino la mbele. Pengo lile halikuzibwa kamwe, na nawaomba mlikumbuke.

Watu waliniambia hasira hasara tangu utotoni. Sawa. Lakini hasira ndiyo iliyonipeleka politekniki wakati mwalimu wa kiume aliposema umeme si kazi ya wasichana, na hasira ndiyo iliyonifanya nimalize. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa, nikawa fundi wa mitambo ya ulinzi katika kituo kidogo cha umeme, nje ya mji wa Kakamega. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba unafanya kazi ya ulinzi, anakuuliza rungu lako liko wapi. Nilichoka kueleza. Leo nitaeleza mara moja, na asiyeelewa shauri yake.

Umeme mkubwa ukiingia kituoni hupita kwenye baa kuu, mabomba ya chuma yaliyo juu ya nguzo, kisha unagawanywa kwenda mjini, kiwandani, hospitalini. Huwezi kuupima kwa mkono, utakuwa majivu. Kwa hiyo kila laini imewekewa transfoma ya kupimia mkondo, ambayo mafundi wote huiita CT: chungu kirefu cha kauri, ndani kimejaa mafuta. CT huchota sehemu ndogo ya mkondo na kuituma kwa nyaya nyembamba hadi kwenye relei, kifaa cha kulinda, ndani ya chumba cha usimamizi. Relei ile hesabu yake ni ya josho la ng'ombe. Walioingia lazima watoke upande wa pili. Wakipungua, kuna aliyezama, yaani mkondo unavujia mahali pabaya, na relei inakata umeme wa kituo kizima kabla hujapepesa jicho.

Haya. Na kama ng'ombe wote wametoka salama, ila mhesabu ndiye aliyepofuka? Waya mwembamba wa CT moja ukikatika, relei inaona pungufu lisilokuwepo, nayo inazima mji bure. Ndiyo maana juu ya mhesabu tunaweka msimamizi. Hiyo ni relei nyingine, yenye macho makali kuliko ya kwanza. Ikiona hesabu ina kasoro ndogo, inasubiri sekunde chache, kisha inamfunga mhesabu mikono asikate kitu, halafu inapiga kengele. Basi. Kuanzia hapo kazi ni ya binadamu: asikie kengele, apunguze mzigo, azime laini yenye shida, atafute waya uliokatika. Kusimamia sakiti zile za CT ilikuwa kazi yangu. Relei ile niliirekebisha mimi kwa mikono hii, na kengele niliifunga mimi, kengele ya chuma kubwa kama sahani, ambayo ikilia ilisikika mpaka barabarani.

Na sababu ya kelele zote hizo ni kwamba CT haipendi kukatiwa waya wake. Mkondo mkubwa ukiwa bado unapita juu, ukiuachanisha ule waya mdogo wa chini, umeme unajaa pale ulipokatika kama maji kwenye mfereji ulioziba, hadi unaruka. Nikiwa mafunzoni nilimwona mwenzangu akilegeza skrubu ambayo hakutakiwa kuigusa. Moto wa samawati ukamrukia. Kidole kimoja kikabaki kwenye bisibisi. Alinitazama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni nini hiki kinanuka, na kilichokuwa kinanuka kilikuwa ni yeye. Nilitapika, kisha nikamfunga mkono kwa blauzi yangu. Tangu siku ile sikucheza na kengele.

Sasa sikilizeni nani alikuwa anakaa chini ya kengele hiyo. Ndugu yangu. Baba alipofariki alimwachia fahali na deni la heshima, yaani fahali asishindwe, lakini fahali halishi watu. Nikamwombea kazi ya kuangalia paneli pale kituoni. Alikaa zamu yake kwenye kiti cha mbao, anasoma mita, anajibu simu. Jambo lolote likitokea kwenye baa kuu, wa kwanza kuungua ni yeye. Usingizi wangu wote wa miaka ile ulilalia hapo: kengele ilie, na ndugu yangu aisikie.

Mwaka mmoja, baada ya mvua ndefu, kengele ikaanza wazimu. Inalia mchana kweupe, ndugu yangu anaizima kwa kitufe, ananipigia simu mjini. Nakuja mbio na pikipiki ya kazini. Nafika, hesabu zote ziko sawa, waya zote ziko sawa. Kesho kutwa tena. Nilikaza kila skrubu. Nililala chini kwa tumbo. Nilimtukana mtengenezaji wa relei, na mama yake, na nchi yake.

"Kengele yako iko na wazimu kama wewe," ndugu yangu akasema, anatafuna hindi la kuchoma. "Inapiganga watu kelele bure."

"Kengele haina wazimu. Kuna waya unalegea. Nani anagusagusa hapa?"

"Nani atagusa? Hapa kuna hata picha ya fuvu. Hata wachawi wanaogopanga."

Katikati ya uwanja wa kituo kulikuwa na sanduku la chuma linalofika kiunoni, ambamo nyaya zote nyembamba za CT zilikutana kabla ya kwenda ndani. Niliona rangi yake imebambuka upande mmoja, na sanduku lenyewe limeinama kidogo. Niliona pia kwamba majani ya kandokando ya ua yalikuwa yamekatwa mafupi sana. Nikamuuliza. Akasema ni mbuzi wa jirani, huingianga kwa tundu la ua. Nikamwambia azibe tundu, ama nitawachinja wale mbuzi na yeye nimpe kwato. Akacheka lile cheko lake la pengo. Nilimrushia koleo. Aliinama, koleo likavunja kikombe chake cha chai, na tukatukanana hadi dereva wa lori aliyekuwa anapita akasimama kusikiliza.

Baada ya hapo kengele ikanyamaza. Wiki zikapita kimya. Nikajipiga kifua, nikajiambia ni zile skrubu. Kumbe!

Fahali wa baba wakati huo alikuwa amefichwa. Hiyo kwetu si ajabu. Fahali wa kupigana akikaribia siku yake huondolewa machoni pa watu, maana kuna macho yanayoweza kumlegeza magoti kwa kumtazama tu. Mwenye fahali hasemi amemficha wapi, na mtoto wa nyumba hiyo haulizi mara mbili. Nilimuuliza ndugu yangu mara moja. Akasema, "Yuko mahali mchawi hafiki." Nikaridhika. Jamani, mimi mtu mzima mwenye diploma, nikaridhika.

Siku ya pambano ilikuwa Jumamosi, asubuhi, kwenye uwanja ulio ng'ambo ya barabara kutoka kituoni. Sikuwa kazini. Nilikuja kwa sababu ni fahali wa baba, na damu ya isukuti, ngoma yetu ya fahali, ikinipiga siwezi kukaa nyumbani. Ngoma zilikuwa zinapigwa hadi unazisikia tumboni, firimbi, vijana wamejipaka udongo, wamebeba matawi na fimbo. Nikamkuta ndugu yangu ameshika kamba, macho mekundu.

"Leo si ni zamu yako?"

"Kuna mtu amenishikia."

"Nani?"

"Wewe ni bosi wangu? Simama huko, shangilia fahali wa babako."

Wakaachiliwa. Mtu ambaye hajawahi kusikia vichwa viwili vya fahali vikigongana, sijui nimwambie nini. Mlio ule unaingia kwenye meno. Mpinzani wa fahali wetu alikuwa mweusi, mfupi, shingo nene, na hakuwa na haraka. Wetu alimvamia mara tatu, mara nne, vumbi na mate yakaruka, watu wakawa wanakanyagana kukimbia na kurudi. Halafu yule mweusi akainamisha kichwa, akapata nafasi chini ya taya, akasukuma juu. Pembe ikapasua shavu la wetu hadi jicho. Nikaona jicho likining'inia. Watu wakapiga kelele ya furaha, wengine ya uchungu, na nikajikuta nampiga ngumi mtu nisiyemjua kwa sababu alikuwa anacheka.

Fahali akishindwa hugeuka na kukimbia, na watu humfukuza. Wetu aligeuka. Mamia ya watu wakamfuata na fimbo, ngoma zikamfuata, na ndugu yangu mbele yao akilia, akimwita kwa majina yake yote ya sifa ili atulie. Mimi nilikimbia nao. Fahali akavuka barabara. Nilitarajia aende mtoni, ama aingie kwenye miwa. Hakwenda. Alienda moja kwa moja hadi lango la kituo cha umeme, nalo lilikuwa wazi, akaingia kama anaingia kwake.

Hapo ndipo nilipojua. Mahali mchawi hafiki. Ua, fuvu, majani mazuri ambayo hakuna ng'ombe mwingine anayeyala. Alikuwa amemfuga mle ndani mchana wa zamu zake, na kila aliponipigia simu alimtoa kwanza kabla sijafika. Na fahali yule, mchana wote akiwa peke yake, alikuwa akinoa pembe zake kwenye kitu pekee cha kuegemea, sanduku langu la nyaya. Kila akilisugua waya ulitikisika, na kengele ikalia.

Sasa alikuwa na jicho moja, damu imejaa hilo jingine, na watu nyuma yake. Akaliendea sanduku lilelile alilolizoea, na safari hii hakulisugua. Aliligonga kwa uzito wake wote. Mlango ukang'oka. Akagonga tena, pembe ikazama ndani, na alipoivuta kichwa kilitoka na fungu la nyaya limejisokota kwenye pembe, na kwenye ncha za nyaya moto wa samawati ukawa unachezacheza, unatoa sauti ya mafuta ya kukaangia.

Nikasimama nikasubiri kengele.

Haikulia. Nasema nilisubiri. Sekunde zile niliziweka mimi mwenyewe kwenye relei, nilizijua kama mapigo ya moyo wangu. Zikapita. Transfoma ikaendelea kuunguruma taratibu, baa kuu ikaendelea kubeba umeme, taa ya mlangoni ikaendelea kuwaka. Na hapo nikaelewa jambo lililonipasua roho: relei yangu ilikuwa imefanya kazi. Ilikuwa imeona waya umekatika, imemfunga mhesabu mikono, imeuzuia umeme usikatwe, vile nilivyoifundisha. Yote yalikuwa tayari. Ilichobakiza ni kumwita binadamu, na binadamu haitwi. Kama ningekuwa fundi mbaya, kama nisingeweka msimamizi, kituo kingezimika chenyewe na kila mtu angekuwa salama.

Watu waliona ule moto wakarudi nyuma wakikanyagana langoni. Ndugu yangu hakurudi. Alikuwa anamwendea fahali mikono imenyooshwa, anamwimbia wimbo wa baba kwa sauti ya chini, ule wa kumtuliza. Sheria ya wenye fahali ni kwamba aliyeshindwa haachwi. Mwenyewe lazima amshike kwa mkono wake, amtoe, ama jina la nyumba linakwisha.

"Kaka, toka! Usimguse! Toka hapo!"

Hakugeuka. Alikuwa anataka kuzitoa zile nyaya kwenye pembe. Sikio la kufa halisikii dawa. Chumba cha swichi kilikuwa upande wa pili wa uwanja, na kama ningekimbilia huko kuzima umeme, ningemkuta amekauka. Kando ya lango, kwenye ndoano zake, kulikuwa na fimbo ya manjano tunayotumia kugusia nyaya kubwa, ndefu kumpita mtu, nzito, isiyopitisha umeme. Nikaichukua.

Vidole vyake vilikuwa upana wa kiganja tu kutoka kwenye moto nilipompiga. Nilipiga mkono, hapa juu ya kifundo, kwa nguvu zangu zote na za baba yetu aliye kaburini. Nilisikia mfupa. Akapiga ukelele, akanigeukia, na badala ya kukimbia akataka kunirukia. Nikampiga bega. Nikampiga tena, goti, akaanguka kwenye kokoto. Umati wote ulikuwa langoni unaona mwanamke akimpiga ndugu yake mkubwa kama nyoka. Nikamkamata shati, nikamburuta. Alinitemea mate usoni. Alisema, "Utaniua, mbwa wewe!" na mimi nikasema, "Ndiyo, lakini si leo."

Hatukuwa tumefika langoni CT ilipopasuka.

Chungu kile cha kauri kilifunguka hewani. Vipande vilipita juu yetu vikipiga mluzi, kimoja kikakata nguzo ya ua, kimoja kikanipasua kisogo, kovu ninalo. Mafuta yakashika moto kabla hayajafika chini. Halafu umeme wa baa kuu wenyewe ukapata njia ya kwenda ardhini kupitia moto ule, na mhesabu aliyepaswa kuukata papo hapo alikuwa amefungwa mikono, kwa hiyo ukaendelea. Ukanguruma. Ulikuwa mweupe, hauwezi kutazamwa, ardhi inatetemeka, hadi kituo cha mbali huko ng'ambo kikachoka kuubeba na kukata. Ilikuwa ni muda wa pumzi chache. Nilidhani ni mwaka mzima. Fahali wa baba alikuwa katikati yake. Sitaeleza.

Kisha kimya, na mji wote bila umeme.

Nilimwacha ndugu yangu ameshikwa na watu, nikaingia chumba cha usimamizi. Kiti cha mbao hakikuwa na mtu. Hakuna aliyemshikia zamu. Kwenye paneli bendera ndogo ya relei yangu ilikuwa imeanguka, nyekundu, inasema waya umekatika, kwa adabu kabisa, inakiambia chumba kitupu. Na kutoka ukutani nikasikia kitu kama nyuki kwenye chupa. Nikaenda karibu. Kati ya nyundo ya kengele na bakuli lake kulikuwa kumekwamishwa gunzi la hindi la kuchoma. Nyundo ilikuwa bado inapiga, ikipiga gunzi. Ilikuwa imepiga wakati wote huo.

Gunzi lilikuwa limetafunwa safi, isipokuwa mstari mmoja wa punje kutoka mwanzo hadi mwisho, ambao jino halikuupitia. Pengo. Lile lile nililolitoboa kwa jiwe.

Nikalivuta. Kengele ikalia, kwa betri yake, ikajaza chumba, ikatoka nje, ikafika barabarani. Kitufe cha kuizima kilikuwa mbele yangu. Sikukigusa. Nilitoka nje nikasimama juu ya ndugu yangu, damu inanitiririka shingoni, nikamwonyesha gunzi.

"Unasikia?" nikamwambia. "Sasa unasikia?"

Alifumba macho. Alikuwa analilia fahali. Tulimpandisha kwenye pikapu ya mtu kwenda hospitali ya misheni, na kengele bado inalia.

Kazini walimfuta, maana kila mtu aliona kiti kitupu. Gunzi sikumwonyesha yeyote. Nililitia mfukoni, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kumfuta kazi ni jambo moja, na watu kujua alimziba mdomo mlinzi wake mwenyewe ni jingine. Lakini nyumbani yeye hakunyamaza. Akiwa na mkono kwenye plasta alisimulia kwamba mtambo wangu ndio ulioshika moto, kwamba alibakiza kidogo tu amwokoe fahali, na mimi kwa ile roho yangu ya kupiga nikamzuia. Fahali wa baba alikufa kwa sababu yangu, ndivyo alivyosema. Na nilimpiga kaka mkubwa kwa fimbo, mbele ya watu, mimi mwanamke. Hilo kwetu ni mwiko. Hakuna anayekula nami hadi litolewe.

Shangazi yetu aliyeolewa Mautuma akaja na basi la asubuhi kulitoa. Mwanamke mkali, mfupi, mdomo wa wembe. Alinikuta jikoni akanipiga kofi kabla ya salamu.

"Utachinja kuku," akasema, "utampika wewe, utapiga magoti mbele ya ndugu yako, na utaomba. Ukikataa, usikanyage tena boma hili. Hata mamako akifa, utasikia kwa redio."

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikamchinja yule kuku kwa hasira. Nilimnyonyoa kwa hasira. Nilimchemsha na maneno ambayo mapadri hawayajui, nikasonga ugali hadi mwiko ukalia. Nilikuwa nimeamua. Nitaweka chakula mezani, nitawaambia ukweli wote, nitatupa gunzi katikati, wamwone mwanaume wao, kisha nitaondoka na nisirudi.

Walikuwa wamekaa sebuleni, kwenye viti vya vitambaa vya mama, shangazi kwenye kiti cha baba. Ndugu yangu mkono wake wa plasta ulikuwa juu ya goti. Alikuwa amekonda. Niliweka bakuli. Nikaingiza mkono mfukoni kufanya nilichoamua, nikatazama lile pengo lake, na sikulitupa. Kama nisingelipiga jiwe lile, nisingejua ni yake. Kama nisingempiga fimbo ile, nisingekuwa na mtu wa kumkasirikia. Nikaliweka gunzi taratibu kando ya sahani yake, kama mtu anayeweka chumvi. Nikapiga magoti, haya, wapate wanachotaka.

"Gunzi la nini hilo mezani?" shangazi akauliza.

Ndugu yangu aliliangalia. Alilichukua kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari wa punje zilizokauka.

Kwetu kuku ana mipaka. Firigisi, tunayoiita imondo, ni ya mwanaume mwenye nyumba. Mwanamke akiigusa, hata mbwa wanashangaa. Tangu baba afe imondo ilikuwa ya ndugu yangu. Akainama kwenye bakuli, akaitafuta kwa mkono ule wa kushoto, ikamteleza, akaipata. Hakuiweka kwenye sahani yake. Alinitikisia kichwa niinuke, akaiweka mkononi mwangu, ya moto.

"We! Mwanamke ale imondo?" shangazi akaruka. "Umerogwa?"

"Kengele ililia, shangazi," ndugu yangu akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na sikuwahi kumsikia hivyo hata kwenye mazishi ya baba. "Mimi ndiye niliiziba mdomo kwa gunzi hili. Fahali nilimuua mimi. Huyu alinivunja mkono nisife. Kuku huyu ni mimi nilipaswa kumleta, na magoti ni yangu."

Akateremka kwenye kiti, na goti lile nililolipiga halikukunjika vizuri, akaliburuta. Mama akaanza kulia kwa sauti.

Nikala imondo. Ilikuwa ngumu kama raba, maana nilikuwa nimempika yule kuku kwa hasira na sikumpa muda wa kuiva. Nilitafuna huku machozi na kamasi vinaniingia mdomoni, na yeye amepiga magoti mbele yangu anangoja, hadi nikameza.